NANI ANAYEPATA NAFASI YA KUCHEZA?

Somo la kuzungumza katika vikundi vya parishi. Kabla ya kuanza, someni Zekaria 8:4-5.



Mara nyingi, tukisimama nje baada ya ibada, tunasikia wazee wakilalamika kwamba vijana wa leo hawachezi. Wanatazama mpira, wanabishana juu ya mpira, wanavaa fulana za timu za Uingereza, lakini miguu yao haigusi mpira. Akina mama nao hulaumiwa: daktari amewaambia wafanye mazoezi, na mwezi unapita hawajafanya.

Lawama hizi zina ukweli kidogo, walakini zinaacha jambo kubwa. Mtu hachezi kwa kupenda tu. Kabla refa hajapuliza kipenga, watu wengine wamekwisha kuamua nani ataingia kiwanjani na nani atabaki nje. Wengine ni matajiri wa kazi, wengine ni wenye ardhi, wengine ni wafanya biashara, na wengine ni sisi wenyewe, wazazi na wazee wa kanisa.

Katika somo hili tutatazama milango minne ambayo mtu hana budi kuipita kabla hajacheza: wakati, mahali, fedha na ruhusa. Ili tusizungumze kwa maneno matupu, tutafuata historia ya klabu moja ambayo vijana wetu wanaijua, yaani Everton ya mji wa Liverpool. Klabu hiyo ilizaliwa kanisani, ikagombana juu ya kodi ya kiwanja, ikapata utajiri, na mwisho ikafika hata Dar es Salaam. Baada ya hapo tutarudi nyumbani kwetu.

1. MLANGO WA WAKATI

Katika Uingereza ya zamani watu wengi wa viwandani walifanya kazi kutwa, siku sita za juma. Siku ya saba ilikuwa Jumapili, na siku hiyo desturi ya nchi na mafundisho ya makanisa vilikataza michezo ya hadhara. Basi mfanyakazi angecheza lini?

Mwaka 1850 ilipitishwa sheria iliyoamuru kwamba wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waachwe huru saa 8 mchana siku ya Jumamosi. Wanawake na vijana wakiondoka, mashine nyingi zilisimama, na wanaume nao wakaenda zao. Polepole desturi hiyo ya nusu siku ikaenea kwa mafundi na makarani wa kazi nyingine. Ndiyo asili ya mechi za Jumamosi saa 9 alasiri.

Wenye maduka waliuza sana Jumamosi, kwa hiyo watumishi wao hawakuweza kuondoka. Katika mji wa Sheffield walikuwako watu ambao nusu siku yao ilikuwa Jumatano. Wakaunda chama cha kriketi, kisha mwaka 1867 wakaanza na kandanda. Klabu yao inaitwa Sheffield Wednesday mpaka leo, maana yake Sheffield ya Jumatano. Jina lenyewe linatufundisha kwamba watu walicheza siku ile waliyoachiwa na kazi. Watumishi wa nyumbani, ambao hawakuachiwa hata siku moja kamili, hawakuacha jina la klabu yoyote.

2. MLANGO WA MAHALI

Huko Liverpool kulikuwa na kanisa la Wamethodisti lililoitwa St Domingo. Vijana wake walicheza kriketi wakati wa joto, na walitaka mchezo wa kuwakusanya wakati wa baridi. Mwaka 1878 wakaanza kandanda. Mwaka uliofuata watu wasio wa kanisa hilo walitaka kujiunga, basi klabu ikabadilishwa jina ikaitwa Everton, jina la mtaa wao.

Je, vijana hao walicheza wapi? Hawakuwa na kiwanja. Walicheza Stanley Park, bustani kubwa ya watu wote iliyofunguliwa na mji mwaka 1870. Hawakulipa kodi, wala hawakuhitaji kumjua mtu mkubwa. Kama baraza la mji lingeuza ardhi ile yote ijengwe nyumba, labda leo tusingelisikia habari za Everton.

Lakini watazamaji walipoongezeka, bustani haikutosha tena. Katika bustani ya watu wote huwezi kumtoza mtu kiingilio. Klabu ikatafuta mahali penye uzio, na mwaka 1884 ikahamia kiwanja kiitwacho Anfield. Tangu siku hiyo mpira wa vijana wa kanisa ulikuwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hudai kodi.

3. MLANGO WA FEDHA

Mtu aliyewasaidia kupata Anfield alikuwa John Houlding, tajiri mwenye kiwanda cha bia. Wachezaji walibadilisha nguo katika hoteli yake jirani na kiwanja, na watazamaji wenye kiu walikunywa bia yake. Tusimhukumu upesi. Bila fedha zake klabu isingekua haraka vile. Mwaka 1885 Chama cha Mpira cha England kilikuwa kimekubali wachezaji walipwe, na jambo hilo lilikuwa na haki ndani yake: mtoto wa maskini aliweza kucheza bila kupoteza ujira wake. Mwaka 1888 Everton ikawa mojawapo ya klabu 12 zilizoanzisha ligi ya kwanza, na katika msimu wa 1890–91 ikawa bingwa.

Hata hivyo kodi ilipanda kutoka pauni 100 hadi pauni 250 kwa mwaka. Tena Houlding alitaka klabu inunue ardhi kwa masharti ambayo wanachama wengi hawakuyapenda, na wengine hawakupenda kuona klabu iliyozaliwa kanisani ikisaidia kuuza pombe. Aliyewaongoza wapinzani alikuwa George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa lile lile la St Domingo. Mwaka 1892 wakahama, wakaenda kujenga kiwanja kipya, Goodison Park. Houlding akabaki na kiwanja kitupu, naye akaanzisha klabu nyingine ya kukijaza. Klabu hiyo ndiyo Liverpool. Kwa hiyo ushindani unaowagombanisha vijana katika vibanda vyetu ulianzia katika ugomvi wa kodi ya ardhi na biashara ya bia.

Fedha zilifanya mambo mawili kwa pamoja. Zilijenga majukwaa, zikamlipa mchezaji, zikawapa maelfu ya watu furaha ya Jumamosi. Na papo hapo ziligeuza wengi kuwa watazamaji. Katika bustani ya Stanley vijana wote waliokuja na viatu vyao waliweza kucheza. Katika Goodison Park walicheza 22, na maelfu wakalipa ili watazame. Biashara haichukii watu wacheze, ila faida yake iko mlangoni pa kiwanja, kwa anayelipa.

4. MLANGO WA RUHUSA

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wanawake wengi wa Uingereza waliingia viwandani kutengeneza silaha. Mwaka 1917 wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha Dick, Kerr katika mji wa Preston waliunda timu ya kandanda. Walicheza ili kuchanga fedha za kuwasaidia askari waliojeruhiwa. Tarehe 26 Desemba 1920 timu hiyo ilicheza na wanawake wa St Helens katika uwanja ule ule wa Goodison Park. Watazamaji walikuwa kama 53,000, na wengine maelfu walirudishwa mlangoni kwa kukosa nafasi.

Tarehe 5 Desemba 1921, kabla hata mwaka mmoja haujatimia, Chama cha Mpira cha England kilitangaza kwamba kandanda haiwafai wanawake, kikalalamika pia juu ya hesabu za michango, kisha kikaziagiza klabu zake zisiwape viwanja. Tuangalie vizuri namna ilivyofanyika. Hakuna sheria ya nchi iliyowakataza wanawake kupiga mpira. Hakuna aliyekamatwa. Lango lilifungwa tu, na likakaa limefungwa karibu miaka 50. Wengine waliendelea kucheza katika mabustani na viwanja vibovu, lakini wasichana wengi walikua wakiamini kwamba kandanda si yao. Kisha watu wakasema, “Mnaona? Wanawake hawapendi mpira.”

Mwaka 2025 timu ya wanaume ya Everton ilihamia uwanja mpya kando ya bandari, na Goodison Park ikawa nyumba ya timu ya wanawake ya klabu hiyo. Tangu ile mechi ya mwaka 1920 ilikuwa imepita zaidi ya miaka 100.

5. TURUDI NYUMBANI

Sisi Waanglikana hatuwezi kusema mambo haya ni ya Ulaya tu. Wamisionari wa UMCA walikuwa na shule ya wavulana Kiungani, Unguja, na huko vijana wa Kiafrika walicheza kandanda na kriketi kabla karne ya 19 haijaisha. Walicheza kwa sababu shule ilikuwa na kiwanja, na katika ratiba ya siku palikuwa na saa ya michezo. Wakati, mahali, mpira na ruhusa: yote manne walipewa na Kanisa. Wengi waliokuwa nje ya shule hawakupewa hata kimoja. Na sasa tupitie milango ile ile minne hapa kwetu.

Wakati. Msichana na kaka yake wanarudi shule pamoja saa 10. Kaka anatupa daftari kitandani, anakimbilia chandimu. Dada anachukua ndoo. Akirudi na maji kuna vyombo, kuna mboga ya kuchambua, kuna mdogo wa kubebwa mgongoni. Jua likizama, mmoja amecheza saa mbili na mwingine hakucheza hata kidogo, na labda yeye ndiye aliyependa kucheza zaidi. Vivyo hivyo kwa mlinzi wa zamu, muuza duka na dereva wa bodaboda. Wengi wao wana Jumapili alasiri tu, tena si zote. Tukiijaza alasiri hiyo kwa vikao na mazoezi ya kwaya mpaka giza, tujue kwamba tumeamua kwa niaba yao.

Mahali. Katika miji yetu viwanja vya wazi vinapungua kila mwaka. Leo ni uwanja wa ndondo, kesho umezungushiwa mabati, kesho kutwa ni fremu za maduka. Watoto huhamia barabarani, na hapo huonekana wahuni. Jambo hili linatugusa sisi, kwa sababu parishi nyingi zina ardhi ya wazi kando ya kanisa, na halmashauri nyingi zimeulizwa kama si afadhali kujenga fremu na kupata kodi. Swali hilo si la kudharauliwa. Paa linavuja, posho ya mwinjilisti imechelewa, na fremu sita zingeleta fedha kila mwezi. Lakini katika hesabu hiyo tuandike pande zote mbili. Kodi ya fremu huhesabiwa kwa shilingi. Watoto 40 wanaocheza pale kila jioni hawaandikwi katika daftari lolote la mhazini, na kwa sababu hawaandikwi, hudhaniwa hawana thamani. Ardhi ikishajengwa hairudi kuwa kiwanja.

Fedha. Kwa miaka mingi mashirika na viwanda vimebeba michezo yetu. Majina yenyewe yanasema: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Mtibwa Sugar, Kagera Sugar, na katika Kenya Chemelil Sugar na Kenya Breweries, ambayo baadaye iliitwa Tusker. Mfanyakazi wa kiwanda aliweza kupata kazi, mpira na kiatu mahali pamoja. Lakini timu inayotegemea mfuko mmoja huyumba mfuko huo unapoyumba. Pamba ilikaa nje ya ligi kuu zaidi ya miaka 20, mpaka iliporudi mwaka 2024 ikiitwa Pamba Jiji.

Siku hizi amekuja tajiri mwingine, naye ni kamari. Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Watu walijaa furaha, Wayne Rooney akafunga bao, na Everton ikashinda 2–1. Vifuani mwao wachezaji walivaa jina la SportPesa, kampuni ya kubashiri matokeo kutoka Kenya, ambayo wakati huo ilifadhili Gor Mahia pia, na hata Simba na Yanga. Klabu iliyozaliwa katika kanisa, ambayo viongozi wake waliwahi kuhama kiwanja kwa kodi na bia, ilifika kwetu ikitangaza kamari. Klabu za ligi kuu ya England zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa matangazo ya kamari kifuani mwa fulana ifikapo mwisho wa msimu wa 2025–26. Kwetu bado tunaona majina hayo kila upande.

Tuelewe biashara hii inavyofanya kazi. Kampuni ya kubashiri haipati kitu kijana akicheza chandimu kwa jirani. Inapata akikaa kitini, katika kibanda umiza, akiwa na mkeka mkononi. Inapata zaidi akipoteza na kurudi kesho. Kwa hiyo fedha zile zile zinazomnunulia mchezaji mmoja viatu zinawaalika vijana 100 waache kucheza, watazame na kubahatisha. Haitoshi kumwambia kijana “kamari ni dhambi” kisha tukaenda zetu. Yeye amekaa kibandani kwa sababu kibanda kiko wazi usiku, kina taa, kina rafiki zake, na kiingilio chake ni kidogo. Je, ukumbi wa parishi uko wazi saa hizo?

Ruhusa. Msichana akicheza netiboli tunampigia makofi. Akicheza kandanda tunauliza wazazi wake wako wapi. Akishapata mtoto, hata netiboli anaambiwa ni mambo ya kitoto. Lakini timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, Twiga Stars, ilifika fainali za Afrika mwaka 2010 huko Afrika Kusini, nao ni mabinti waliokulia katika mitaa kama yetu. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyesema “nenda, nitapika mimi leo.” Ruhusa haikosekani kwa wasichana tu. Mzee anayetaka kutembea kwa mazoezi anaogopa kuchekwa. Kijana mlemavu haulizwi kama anataka kucheza, anapewa kazi ya kutunza nguo za wenzake.

6. TUFANYE NINI?

Tumesoma kwamba nabii Zekaria, akitaka kuonyesha jinsi mji uliobomolewa utakavyopona, hakutaja kwanza kuta wala hazina. Alitaja wazee wanaume kwa wanawake wameketi njiani na fimbo zao, na watoto wa kiume na wa kike wanacheza. Katika mji huo kila mmoja alikuwa na mahali pake. Tukiupima mji wetu kwa kipimo hicho, tutaona upungufu ulipo.

Haya ni mambo ambayo parishi yoyote inaweza kuyafanya bila mfadhili:

(a) Hesabuni. Kwa juma moja, mtu mmoja asimame katika kiwanja chenu kila jioni, aandike wangapi wanacheza: wavulana, wasichana, watu wazima. Halmashauri ikizungumza juu ya ardhi, karatasi hiyo iwekwe mezani pamoja na hesabu ya kodi.

(b) Gaweni saa. Kiwanja kikiachwa bila mpango, wenye nguvu hukichukua. Tengeni jioni mbili za wasichana, na asubuhi moja ya wazee na akina mama kutembea na kunyoosha viungo. Wavulana watanung’unika juma la kwanza, kisha watazoea.

(c) Gaweni kazi za nyumbani. Jioni ya wasichana haina maana kama ndoo bado inawangoja. Viongozi wa umoja wa akina mama na wa akina baba walizungumze jambo hili waziwazi: siku hizo mbili kaka ndiye achote maji.

(d) Fungueni ukumbi. Bao, karata zisizo za fedha, draft na redio ya mpira ni gharama ndogo. Mahali penye taa na rafiki patashindana na kibanda kuliko mahubiri peke yake.

(e) Pimeni mfadhili kabla ya kupokea. Akija mtu na seti ya jezi kwa timu ya vijana, ulizeni maswali matatu: anauza nini? Anataka vijana wetu wafanye nini baada ya mechi? Akiondoka, timu itabaki na nini? Kuna zawadi za kupokelewa kwa shukrani, na kuna zawadi za kurudishwa kwa heshima.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika nyumba yako, nani alicheza au kupumzika kwa saa nzima juma lililopita? Nani hakupata? Ni mlango gani uliomzuia?

2. George Mahon na wenzake walikubali kupoteza kiwanja kizuri ili wawe huru. Je, kuna msaada ambao parishi yetu ingepaswa kuukataa, hata kama unahitajika sana?

3. Mwaka 1921 lango lilifungwa kwa maneno ya heshima, kwamba mchezo “haufai.” Ni nani leo tunamwambia maneno hayo, na sababu yetu ni ipi hasa?

4. Kama ardhi ya wazi ya parishi ingejengwa fremu, watoto wanaocheza pale wangeenda wapi? Nani ameshawauliza wao wenyewe?

Kikundi kikimaliza maswali haya, mwandishi wake aandike majibu ya swali la nne na kumpa katibu wa halmashauri kabla ya kikao kijacho, maana ardhi huamuliwa kikaoni, na wachezao juu yake hawana mjumbe mle.